Samaki wakiisha, msiwafuate visiwani

Kina mama wa mialoni, fukwe zinakoshushwa samaki hapa Ziwa Victoria, wananiuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Baba watoto anasema huku ziwa limekauka samaki, anataka kuhamia Goziba au kisiwa kingine ambako inasemekana nyavu bado zinapata. Wamkubalie? Wengine wanauliza wakiwa wameshafunga mizigo na mtoto wa darasa la sita ameshatolewa shule. Nawajibu wote jibu moja: msiwafuate samaki. Bakini bara, shikeni ardhi hata ya kukodi, ziwa liwe msaada wa nyumba na si nguzo yake. Najua ni jibu gumu kwa mtu aliyekuzwa na ziwa. Nalisema kwa sababu familia yetu ilipita humo humo na bado tunakula pamoja jioni, wakati majirani zetu wengi wa Kayenze wametawanyika na watoto wao wanalelewa na bibi.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na maji. Baba watoto alivua sangara kwa nyavu za makila, mimi nilinunua dagaa wabichi alfajiri na kuwaanika. Hali haikuharibika kwa siku moja. Wazee wetu walikula furu, samaki wadogo wa asili, na ngege, sato wa asili. Sangara akapandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka, akala furu, na ilipofika miaka ya 1980 zaidi ya aina 200 za samaki wadogo zilikuwa hazionekani tena. Tulimshangilia sangara kwa sababu alitulisha: viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, mabondo, vibofu vya sangara, yakawa na bei, kayabo, sangara wa chumvi, ikaenda Kongo, hata mapanki, mifupa inayobaki kiwandani, yalikuwa na foleni ya wateja. Kisha naye akaanza kupungua na kudumaa. Nyavu haramu, timba na makokoro, zilizoa mpaka vifaranga. Gugu maji lilishaziba mialo miaka ya 1990, mbolea na maji machafu vikazidi kuingia ziwani, na siku nyingine maji yalikuwa ya kijani kuanzia ufukweni hadi upeo wa jicho. Operesheni ya serikali ya 2018 iliteketeza nyavu haramu nyingi. Naiunga mkono mpaka leo, maana bila hiyo hata hawa waliobaki tusingewaona, lakini iliziacha nyumba nyingi bila nyavu na bila mpango mwingine wowote.

Halafu maji yenyewe yakapanda. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 2019 zililijaza ziwa, na kufikia Mei 2020 kina kilikuwa kimevuka rekodi ya 1964. Kwa mnaoishi karibu na maji, sikilizeni hapa: ishara ya kuhama ni choo. Watu husubiri maji yafike sebuleni. Shimo la choo likianza kujaa kutoka chini, maji ya ardhini yamepanda na kinyesi kinaingia mnakochota. Kipindupindu hakingoji mlango ulowe. Ishara ya pili ni ukuta. Kama nyumba ni ya tofali mbichi, bonyeza kwa kidole gumba usawa wa kisigino, kikizama, watoto wasilale humo usiku huo. Na maji yakishuka msijenge tena palepale. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, kwa hiyo mtajenga mahali ambapo maji yanawadai na sheria pia inawadai.

Sasa kuhusu visiwa. Sikatai kwamba kuna wanaorudi na pesa. Ila angalieni hesabu inavyokwenda. Mtumbwi na mashine ni vya tajiri. Samaki wakiuzwa, kwanza yanakatwa mafuta, kinakatwa chakula cha kambi na matengenezo, kinachobaki ndicho kinagawanywa kati ya tajiri na vijana, na fungu la vijana wanagawana wote waliomo. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, hivyo mbalamwezi ikitoka kambi inakaa. Wanakula kwa daftari la duka, na duka la kisiwani bei zake ni za kisiwani. Shemeji yangu mdogo alikwenda akiwa na nguvu na nia njema kabisa. Aliporudi alikuwa anadaiwa nauli aliyopewa, sabuni, mchele na dawa za malaria. Hakuwa mlevi wala mvivu, samaki walikuwa wachache huko pia, kwa sababu kila mwalo uliokosa samaki uliwapeleka vijana wake kule kule.

Kama baba ameshaamua na hamuwezi kumzuia, basi aende kwa masharti na yasemwe mbele ya wazee wa pande zote mbili. Mama na watoto wanabaki, shule haiguswi. Anakwenda giza mbili, yaani vipindi viwili vya usiku usio na mbalamwezi, anarudi mjadili. Pesa inatumwa kwa simu ya mama kila inapopatikana, hata kama ni kidogo. Na akirudi, mnapima VVU wote wawili kabla ya jambo lingine lolote. Hili la mwisho wanawake wengi wanaona aibu kulitamka. Litamkeni. Maambukizi kwenye makambi ya uvuvi ni makubwa kuliko kwenye jamii nyingi za bara, na hakuna anayetukanwa kwa kuulizwa.

Kwetu sisi kilichotuokoa kilianza na kikao, na aliyekiitisha ni mama mkwe. Alikaa kwenye mkeka, akaomba daftari la shule, akasema, "Wanangu, kila mmoja ataje anadaiwa na nani na kiasi gani. Hakuna atakayegombezwa." Yalitoka madeni ambayo mimi na baba watoto tulikuwa tumefichana: nyavu, taa za sola, duka la dawa, mchango wa harusi. Mpaka hapo hatukuwa tumeuza kitu, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu familia nyingi huanza kuuza kabla hazijajua zinadaiwa nini, na kinachouzwa kwanza huwa ni kiwanja. Sisi tuliuza mashine ya boti ikiwa bado inawaka vizuri. Fanyeni hivyo mapema, kwa sababu mwalo mzima ukianza kuuza mashine hakuna anayenunua. Tulilipa lile deni lenye riba, tukaomba muda kwa ndugu, kilichobaki kikakodi shamba Misungwi.

Mkikodi shamba, andikishianeni kwa mwenyekiti wa kitongoji pamoja na mashahidi, na mwandike mazao yaliyomo shambani ni ya nani msimu ukiisha. Muhogo unakaa ardhini muda mrefu kuliko mkataba wa msimu mmoja, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Mtafute udongo wa luseni, ule wa kichanga, kwa viazi na muhogo. Jaruba la mpunga linavutia lakini linataka mtaji na nguvu kazi. Liacheni kwa mwaka wa pili. Mkilipata, baada ya mpunga pandeni dengu kwenye unyevu uliobaki, inakua bila kusubiri mvua nyingine.

Zao la kwanza liwe viazi vitamu. Watu wanakimbilia kitu cha kuuza, nami nasema chakula kwanza, pesa baadaye, kwa sababu nyumba yenye njaa inauza kila kitu kwa bei ya mnunuzi. Tafuteni marando, mashina ya kupandia, yasiyo na ugonjwa mapema, kabla mvua hazijakolea, na kama mnaweza mchanganye na viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, vina vitamini A inayowafaa watoto. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kiko huko huko Misungwi na kimeshughulika na viazi na muhogo miaka mingi, kwa hiyo ulizieni mbegu safi badala ya kuchukua tu za jirani zenye batobato, ugonjwa wa majani.

Michembe ndiyo iliyotuvusha. Kwa ambao hamkukulia Usukumani: viazi vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa juani vikiwa vibichi. Mkivichemsha kwanza ndipo mkaanika, hayo ni matobolwa, matamu zaidi ila yanataka kuni nyingi. Kiangazi cha kuanzia Juni ndicho wakati wake. Tulikuwa tunakaa chini ya mwembe, mimi, wifi na mama mkwe, visu vitatu na beseni katikati, watoto wakibeba vipande kwenda kuvitandaza juu ya mawe makubwa, maana mawe ya kwetu Mwanza yanashika joto mpaka usiku. Kipande cha unene wa kidole kidogo kinapitiliza, kinakauka nje na kuoza ndani. Kipande kilichokauka sawasawa kinavunjika kwa sauti, kama kijiti kikavu. Kikipinda, kirudi juani. Vikikauka vinaingia kwenye kihenge au mifuko mikavu iliyonyanyuliwa kutoka sakafuni. Michembe ya kuchemsha, karanga zilizotwangwa juu yake na uji pembeni, huo ni mlo wa asubuhi uliowapeleka wanangu shule miezi ambayo hatukuwa na pesa ya unga.

Ziwa hatukuliacha kabisa. Nilirudi kwenye dagaa kwa namna nyingine. Zamani nilianika mchangani kama wote, na dagaa wa mchangani wana kokoto, kuku wamepita juu yao, mvua ya ghafla ikija ni hasara yote. Wanunuzi wengi huwachukua kwa ajili ya chakula cha kuku. Sasa naanika juu ya chanja: miti minne ya kusimama, ya kulalia juu yake, na wavu uliochakaa unatandazwa kwa kuvutwa vizuri, usawa wa kiuno. Upepo unapita chini na juu, wanakauka haraka, wanabaki na rangi ya fedha, na mnunuzi wa soko la Mwaloni Kirumba akichovya mkono kwenye gunia hatoki na mchanga. Kiasi kidogo cha dagaa wa chanja kinanipa faida kuliko wingi ule wa zamani. Msimu wa mvua sianiki. Nakaanga na kuwauza kwenye pakiti ndogo kwa wenye maduka. Kwa ziwa linalotoa kidogo, kilichobaki mikononi mwetu ni kuacha kupoteza hicho kidogo.

Vizimba vya kufugia samaki ziwani mnaviona, na 2024 serikali ilitoa vizimba na boti kwa mkopo nafuu hapa kanda ya ziwa. Ni njia nzuri kwa kikundi chenye nidhamu. Familia moja iliyotoka kufilisika isiingie peke yake, kwa sababu chakula cha samaki ndicho kinachomeza mtaji, na maji yenye hewa kidogo yakipanda kutoka chini samaki wa kizimba hawana pa kukimbilia. Kuhusu mikopo mingine: kikoba cha watu mnaofahamiana, ndiyo. Mikopo ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, ndiyo, nendeni kwa afisa maendeleo wa kata mkiwa na kikundi kilichosajiliwa. Kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, hapana, hata mtoto akiwa mgonjwa. Bora kumwendea kaka na kuomba waziwazi.

Nimeongea sana kuhusu mashamba, na kuna mtu mmoja ambaye makala kama hizi humsahau. Baba. Mwanaume aliyeitwa mvuvi maisha yake yote, anayejua upepo kwa harufu, anapopewa jembe la kukodi kwenye shamba la watu huwa kuna kitu kinavunjika ndani yake. Wangu alikaa kimya kipindi kirefu. Marafiki zake walimcheka kwamba amegeuka mkulima wa mke. Kina mama, msimshindilie. Tafuteni kazi moja ya ziwani ibaki yake: kuziba mitumbwi ya watu, kushona nyavu halali, kwenda kuvua usiku mmojammoja na mwenye boti wa karibu na kurudi kulala nyumbani. Wangu anashona nyavu kibarazani, na mtoto wetu wa kiume anajifunza kwake kufunga fundo. Pesa yake si nyingi. Lakini anakaa mezani akiwa na la kusema, na kwangu hilo ni chakula pia.

La mwisho ni afya, hasa maji. Msichote penye utando wa kijani wenye harufu, hata kama mnachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na kuhara, lakini sumu ya ule utando haiondoki kwa moto. Tafuteni kisima kirefu au bomba, vuneni maji ya mvua. Na mkishahamia bara, pitieni zahanati familia nzima mpimwe kichocho, wakubwa kwa watoto. Ugonjwa huu unakaa mwilini miaka bila kelele, tumbo likiuma mtu anadhani ni minyoo ya kawaida. Shuleni watoto hupewa dawa, wakubwa ndio tunaosahaulika. Mwambieni mhudumu wazi kwamba mliishi mwaloni na mlikuwa mkioga na kufua ziwani, ili ajue anatafuta nini.