Jibu: Fizikia ya chembe bila maabara, hapa Bukavu

Prof, umeuliza mwalimu wa sekondari aanzie wapi na fizikia ya chembe, yaani vipande vidogo kabisa vya maada, wakati shule haina maabara. CERN, kituo kikubwa cha utafiti wa chembe karibu na Geneva, ina mafunzo ya wiki mbili kwa walimu wa nchi zote, lakini ni kwa Kiingereza, na viza unajua mwenyewe ilivyo.

Mimi ningeanza na gololi. Panga 6 sakafuni ndani ya upana wa sentimita 60, uzifunike kwa kartoni iliyoinuliwa kidogo, kisha wanafunzi wavingirishe nyingine ya ukubwa uleule chini yake bila kulenga, mara 200. Wahesabu zilizogonga. Kipenyo cha gololi ni migongano mara upana, gawanya kwa mbili mara idadi ya gololi mara mitupo. Zikigonga 64, unapata sentimita 1.6, halafu ndipo unatoa rula! Mwanafizikia Rutherford naye alifikia kiini cha atomu mwaka 1911 kwa kupima kitu asichokiona. Darasa langu lilipiga kelele hadi mkuu wa shule akaja kuchungulia.

Chemba ya ukungu, chombo kinachoonyesha njia za chembe, iache kwanza; barafu kavu ya kuipoza utaipata wapi? Data halisi za LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha chembe, zipo bure mtandaoni. Zipakue usiku, umeme ukiwepo.