Je, ni dhambi kutangaza kazi yangu kwa waumini wenzangu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni msharika wa Kilutheri hapa Dar es Salaam, mjane mwenye watoto wanaosoma. Nafua mazulia na kusafisha makochi majumbani kwa watu. Niliweka tangazo langu kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya yetu. Mzee wa kanisa akanikemea mbele ya wote kwamba Yesu alipindua meza za watu kama mimi, kisha nikaondolewa. Lakini mkandarasi aliyechangia ujenzi wa kanisa hutajwa na kampuni yake kwenye matangazo ya Jumapili. Rafiki akanipeleka kwenye huduma nyingine, na mtumishi wa huko akasema nikileta malimbuko ya shilingi 200,000 ataitamkia biashara yangu madhabahuni na wateja watamiminika. Tena wapo waumini niliowafanyia kazi hawajanilipa hadi leo. Wanasema sisi ni familia moja. Je, nimetenda dhambi? Nifanyeje?

JIBU: Asifiwe milele, dada yangu. Hujatenda dhambi. Naanza na hilo kwa sababu umebebeshwa aibu isiyo yako, na kukemewa mbele ya watu unaokaa nao benchi moja kila Jumapili, huku ada za watoto zinakungoja, si jambo dogo.

Mzee wako alishika andiko la kweli: “Msiifanye nyumba ya Baba yangu kuwa nyumba ya biashara” (Yohana 2:16). Shida ni kwamba hakuuliza pale hekaluni kulikuwa kunauzwa nini, na mnunuzi alikuwa nani. Wavunja fedha walikuwapo kwa sababu kodi ya hekalu, nusu shekeli kwa kila mwanamume, ilipokelewa kwa fedha ya Tiro; aliyekuja na sarafu nyingine hakuwa na hiari, ilibidi abadilishe. Njiwa waliuzwa kwa sababu ndiyo sadaka ya mtu asiyemudu mwana-kondoo (Walawi 12:8), sadaka ya kimaskini ambayo Mariamu mwenyewe aliitoa baada ya kumzaa Bwana (Luka 2:24). Na wafafanuzi wengi wanaeleza kwamba meza zile zilipangwa katika uwanja wa nje, mahali pekee hekaluni ambapo watu wa mataifa waliruhusiwa kusali. Ndiyo maana katika Marko 11:17 Yesu anamnukuu Isaya: nyumba ya sala “kwa mataifa yote”. Hasira yake iliwashukia waliosimama kati ya mtu na Mungu wake wakamtoza njia. Wewe unamtoza nani njia? Jirani asiyefuliwa zulia lake na wewe bado anasali, bado anabatiza mtoto wake, bado anapokea Meza ya Bwana.

Na kama andiko lile linakataza kuuza na kununua kokote miongoni mwa waumini, basi mnada wetu wa baada ya ibada, wa ndizi, mayai na kuku waliotolewa sadaka, ungekuwa wa kwanza kufungwa. Hakuna anayeufunga, wala sitaki ufungwe. Kuhusu mkandarasi, kushukuru mchango wake ni sawa. Ila kutaja kampuni ya aliyetoa kikubwa na kumfukuza mjane anayetafuta kazi ndilo jambo Yakobo alilolikemea alipoandika juu ya mwenye pete ya dhahabu kupewa mahali pazuri na maskini kuambiwa asimame kule (Yakobo 2:2-3). Wazee wenzangu walisome hilo polepole.

Paulo alifika Korintho akakaa kwa Akila na Prisila “kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja”, kushona hema (Matendo 18:3). Lidia tunamjua kwa jina na kwa biashara yake ya rangi ya zambarau. Waumini wa kwanza walijuana kazi zao, na hakuna aliyeona kwamba kujuana huko kunachafua imani.

Sasa yule wa malimbuko. Hapo ndipo meza ya kupinduliwa ilipo! Anakuuzia neno la Mungu kwa shilingi 200,000, na anakuuzia wewe uliyefiwa na mume, mwenye mkono mtupu. Simoni alipotaka kununua karama kwa fedha Petro alimjibu, “Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe” (Matendo 8:20), na huyo alikuwa anayenunua. Anayeuza aambiwe nini? Malimbuko ni shukrani kwa mavuno yaliyokwisha kupatikana. Kuyadai kama bei ya wateja ambao bado hawajaja ni unyang'anyi uliovaa joho. Nchi hii imeshaumizwa na lugha hiyo. Upatu wa DECI, uliozimwa na serikali mwaka 2009, ulienea makanisani kwa maneno ya kupanda na kuvuna mbegu, na waumini wengi walipoteza akiba zao. Usimpelekee hata senti. Kama umeshampa, usiongeze ili kuikomboa ya kwanza.

Lakini dada, na wewe ujichunge upande wako. Sema kazi yako, bei yako na siku unazopatikana, basi. Usiandike kwamba Mungu amekutuma kusafisha makochi ya watakatifu, wala usiweke mstari wa Biblia kuwa dhamana ya sabuni yako. Paulo anawataja watu “wakidhani ya kuwa utauwa ni njia ya kupata faida” (1 Timotheo 6:5). Sala ya jumuiya ikiisha na watu wakibaki kuzungumza, zungumza. Sala ikiendelea, sali. Namba za simu zilizo kwenye daftari la usharika usizichukue hata kama katibu ni shoga yako: zilitolewa kwa ajili ya uchungaji, na sasa ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Grupu likiwa na utaratibu wa kutokupokea matangazo, utii. Huo ni utaratibu, na kuuvumilia si kukiri kosa. Omba kwa barua kwamba baraza la wazee liruhusu ubao mmoja kwa mafundi wote wa usharika, fundi bomba, mshonaji, mpishi, bila ada na bila upendeleo.

Tena usipandishe bei kwa sababu muumini mwenzako ataona haya kukubishia. Luther mwaka 1524 aliwakemea wafanyabiashara wa Ujerumani kwa kanuni yao kwamba kila mtu auze kwa bei ya juu kadiri awezavyo. Wala usiishushe hadi ushindwe kununua sabuni. Bei iwe moja kwa aliye ndani na aliye nje.

Wanaokudai undugu huku wakizuia pesa yako ndio wanaotenda dhambi katika habari hii yote. “Ujira wake mwajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi” (Walawi 19:13). Familia moja maana yake anakulipa haraka zaidi ya mgeni. Kuanzia sasa chukua nusu kabla ya kuanza kazi na nusu ukimaliza, kwa kila mteja. Kwa madeni ya zamani fuata Mathayo 18: nenda kwa kila mmoja peke yake, si kwenye grupu. Asiposikia, nenda na mtu mmoja au wawili. Akikataa tena, mpelekee mchungaji wako, na uwe umeandika tarehe ya kazi na kiasi unachodai.