Miaka Saba Si Tiketi ya Basi: Maswali Yenu ya Malezi

Barua nyingi safari hii zina kilio kimoja: mzazi mwenzangu anataka tubadilishe tulichokubaliana. Nimechagua tano.

Mwanangu anatimiza miaka 7 Aprili. Baba yake ameniambia nimfungashie nguo, zamu yangu imekwisha. Ni kweli? (Mama wa mmoja, Mbagala)

Si kweli, na hili nimelijibu hadi mkono unauma. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Basi. Haisemi popote kwamba siku ya kutimiza 7 anapakiwa kwa baba kama mzigo uliofika stendi. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Kisha hutazamwa matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe kama ameshaweza kujieleza, na mila zenu. Kifungu hichohicho kinaikumbusha mahakama ubaya wa kumhamisha-hamisha mtoto. Baba mtu aje kula keki hapohapo Mbagala.

Hajatoa matunzo miezi minne, sasa anaomba aongezewe wikiendi. Nimzuie mpaka alipe?

Hapana. Matunzo yadai ustawi wa jamii au mahakamani. Mtoto si rehani.

Amehamishiwa Dodoma kikazi. Tulikubaliana wikiendi mbili kwa mwezi. Sasa anataka binti yetu wa miaka 9 akae naye shule zikifunguliwa, mimi nimpate likizo. Na kuna mke mpya. (Kinondoni)

Usikatae kwa hasira, usikubali kwa huruma. Muulize: asubuhi nani atamwandaa binti? Yeye mwenyewe, au dada wa kazi ambaye hata hajapatikana? Shule ipi, ada ya nani, nauli ya likizo ya nani? Ombi linaloletwa wiki ya mwisho ya Desemba, shule zikifunguliwa Januari, mimi naliita mtego. Kisha zungumza na binti mkiwa wawili tu, bila bibi wala shangazi kukohoa pembeni.

Mkikubaliana, andikeni, na muweke ukomo: muhula mmoja, halafu mnakaa tena. Kama mpango wa mwanzo ulikuwa amri ya mahakama, saini zenu za sebuleni haziifuti. Rudini mahakamani muombe ibadilishwe. Kama yalikuwa makubaliano yenu tu, hata mkiwa mliandika "hayatabadilika kamwe", mahakama inaweza kuyabadilisha ikiona ni kwa faida ya mtoto. Mke mpya umemtaja mara nne kwenye barua. Kama hamtesi mtoto, muache apumue.

Alinitumia ujumbe saa tano usiku kuomba mtoto abaki kwake "kwa muda". Nilikuwa na usingizi, nikamjibu kwa dole gumba. Huu ni mwezi wa tatu.

Dole gumba! Mnanunua kitenge kwa kubishana nusu saa, mtoto mnamtoa kwa kidole. Andika leo, ujumbe mfupi usio na matusi: ulikubali abaki kwa muda, unaomba arejee tarehe fulani. Asipomrudisha, nenda kwa afisa ustawi wa jamii na simu yako ikiwa na ujumbe wote, hata ule unaokuaibisha. Usingoje. Mtoto akishazoea shule na marafiki wa huko, baba yake atasimama kusema asivurugwe, na maneno yaleyale yaliyomfaa mama wa Mbagala yatakugeukia wewe.

Tuko Nairobi, hatukuoana. Mama mtoto anataka kupunguza siku zangu. Nina haki gani? (Baba)

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Hawezi kukupunguzia siku peke yake kwa sababu tu hamkufunga ndoa. Mkishindwa kuelewana, nendeni Mahakama ya Watoto. Ila katiba imesema wajibu, kaka. Barua yako ina "haki yangu" mara sita, na hujaniambia hata mtoto yuko darasa la ngapi.