Sayari isiyoonekana ilijulikanaje?

SWALI: Mhariri, nasikia nyota 51 Pegasi inafanana na Jua na ina sayari. Kama sayari haionekani, waliijuaje?

JIBU: Ndugu msomaji, waliichunguza nyota yenyewe. Mwaka 1995 wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz, wakitumia darubini iliyoko Ufaransa, waligundua mwanga wake unaelemea kidogo kwenye bluu, kisha kwenye nyekundu, na kurudia hivyo kila baada ya siku 4.2. Mwanga huelemea kwenye bluu nyota inapotusogelea, na kwenye nyekundu inapotuacha; basi kuna kitu kilikuwa kinaivuta huku na huko, nacho ni sayari inayoizunguka! Hebu fikiria: mwaka mzima wa sayari hiyo haufiki hata wiki. Hilo hunishangaza mpaka leo.

Nyota hiyo naitafuta usiku wa giza totoro, kwa macho matupu: kidoa hafifu kando ya mraba wa kundinyota la Farasi. Nuru yake husafiri miaka 50 hivi kutufikia.