Maswali na Majibu: Celtic na Meza ya Watoto wa Glasgow

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu Celtic ya Glasgow, klabu iliyoanzishwa na wahamiaji wa Kiayalandi wakiongozwa na mtawa mmoja wa Kikatoliki ili kulisha watoto maskini. Nimechagua chache.

Celtic ni timu ya Ayalandi au ya Uskoti? (Wasomaji watatu: Mwanza, Mombasa na Dar es Salaam)

Ni ya Uskoti, na imo katika ligi ya huko tangu ligi yenyewe ilipoanza mwaka 1890. Nimekwisha kulijibu swali hili mara nne. Atakayeuliza tena asitarajie jibu.

Kwa nini yule mtawa alianzisha timu ya mpira, ilhali watoto walihitaji shule? (Tabora)

Shule ilikuwapo, na mwalimu mkuu alikuwa yeye mwenyewe. Andrew Kerins, ambaye katika shirika la watawa wa Kikatoliki la Marist aliitwa Bruda Walfrid, alizaliwa Ballymote mwaka 1840, akakulia katika njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza mashambani, kisha akavuka bahari kwenda Glasgow kama walivyofanya maelfu ya wenzake. Katika mitaa ya mashariki ya jiji hilo aliona kwamba mtoto mwenye njaa haji darasani, na akija hashiki anachofundishwa. Ndipo akaanzisha meza ya chakula ambapo mtoto alipata mlo kwa peni moja. Alikuwa pia na hofu ambayo wasimulizi wengi huiruka: kwamba familia za Kikatoliki zilizofuata supu kwenye majiko ya Waprotestanti zingeishia kuhama dhehebu. Hisani yake ilikuwa na mipaka ya kidini, nasi hatuna sababu ya kuipaka sukari.

Mwaka 1887 Hibernian, klabu ya Waayalandi wa Edinburgh, ilitwaa Kombe la Uskoti, na Walfrid akatambua kuwa viingilio vya mpira vingeweza kujaza sufuria. Tarehe 6 Novemba mwaka huohuo klabu ikaundwa katika ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Maria, mtaa wa Calton. Waraka wa Januari 1888 ulitamka waziwazi kwamba lengo kuu ni kukipatia Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, chama cha hisani cha Kikatoliki, fedha za kulisha watoto wa parokia tatu.

Jina linatamkwaje? (Kigoma)

Seltik.

Mechi ya kwanza Celtic iliifunga Rangers 5-2. Mbona mnaificha? (Arusha)

Hakuna aliyeificha. Ilikuwa mechi ya kirafiki, tarehe 28 Mei 1888; Rangers, klabu nyingine ya Glasgow, walipeleka kikosi kilichojaa wachezaji wa akiba, na Celtic walichezesha watu kadhaa waliotoka Hibernian. Klabu iliyotoa mfano ndiyo iliyonyang'anywa wachezaji, jambo ambalo mashabiki hawalitungii wimbo.

Ni kweli kwamba ilisajili Wakatoliki pekee? (Nakuru)

Si kweli. Sharti hilo lilikuwa la Hibernian ilipoanza. Jock Stein, kocha aliyeipa Celtic ubingwa wa Ulaya kwa kuifunga Inter 2-1 mjini Lisbon tarehe 25 Mei 1967, alikuwa Mprotestanti. Nawasihi vijana wetu wanaorithi matusi ya Celtic na Rangers, watani wa jadi, kupitia simu za mkononi waache. Ule ni ugomvi wa watu wengine.

Ile meza ya chakula iliishia wapi? (Moshi)

Nilitamani wengi zaidi waulize hili. Mwaka 1892 mwenye kiwanja alipandisha kodi kutoka pauni 50 hadi 450 kwa mwaka, klabu ikahamia jirani, kwenye machimbo ya zamani ya matofali. Mwaka huohuo shirika lilimhamishia Walfrid London. Mwaka 1897, miaka 10 baada ya kikao cha Calton, klabu iligeuzwa kampuni ya hisa, na baadhi ya wanakamati wa hisani wakawa wakurugenzi wenye haki ya gawio. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kuandika lengo bila kuandika nani atalilinda, na wanachama wa klabu za hapa nyumbani wanaoletewa rasimu za kubadili umiliki watafute kipengele hicho kabla ya kupiga makofi. Mwaka 1994 kampuni hiyo ilinusurika kufilisika baada ya kuokolewa na Fergus McCann, Mskoti aliyekuwa amehamia Kanada, ambaye baadaye aliwauzia mashabiki hisa. Leo klabu ina taasisi yake ya hisani, na sanamu ya Walfrid imesimama nje ya uwanja tangu mwaka 2005.

Je, Wanyama ana nafasi katika historia hii? (Nairobi)

Anayo. Tarehe 7 Novemba 2012, siku moja baada ya klabu kutimiza miaka 125, Victor Wanyama aliunganisha kona kwa kichwa dhidi ya Barcelona, akawa Mkenya wa kwanza kufunga bao katika Ligi ya Mabingwa, na Celtic ikashinda 2-1. Bao la pili lilifungwa na Tony Watt, kijana wa miaka 18. Wanaoniandikia kwamba Wanyama alifunga yote mawili wautazame mchezo upya.