Akigeuza uso, weka kijiko chini

Mwanangu akiwa na miezi minane, nilikuwa nambana mashavu kwa vidole viwili ili uji uingie. Anageukia dirisha, namrudisha. Hapa Kaptembwo, Nakuru, mtoto mnene ni sifa ya mama. Nami ndiye niliyeitwa "Tanki" shule nzima!

Mimi na dada yangu tumelelewa kwa sufuria moja ya ugali. Yeye ni mwembamba, mimi nimewahi kufika kilo 104. Miaka yote niliambiwa ni ulafi.

Kumbe kuna kisehemu cha ubongo, haipothalamasi, kinachoamua kama tumeshiba. Mafuta ya mwilini hukipasha habari kwa homoni ya leptini, iliyogunduliwa 1994. Humo seli nyingine husema kula, nyingine husema tosha, na zote zina jeni zilezile. Fikiria duka usiku: bidhaa zimo, ila baadhi ya makabati yana kufuli. Kufuli hizo ni alama za kemikali zinazobandikwa kwenye DNA, ndiyo epijenetiki. Mwaka 2022 watafiti wa chuo cha tiba cha Baylor, kule Houston, Marekani, walionyesha kwamba kwa panya wachanga alama hizo hubadilika sana katika eneo hilo la ubongo, na sehemu za DNA zinazoguswa zinalingana na zile zinazohusishwa na uzito wa binadamu.

Huko Uholanzi, watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ya 1944–45 walipimwa damu miaka sitini baadaye. Alama kwenye jeni yao ya IGF2, inayohusika na ukuaji, zilikuwa tofauti na za ndugu zao. Sitini!

Panya si watu, na siapi kwamba kijiko changu kingemnenepesha mtoto. Lakini mapema ndiyo mapema. Ukiwa mjamzito kula managu, terere, maharagwe, na vidonge vya foliki vya kliniki usivifiche chini ya godoro (tunafanya hivyo, tusidanganyane). Kwa sisi wakubwa, dawa ya kubandua alama hizo dukani hamna. Mimi hutembea hadi mjini badala ya kupanda matatu. Nimepunguza kilo tisa, tatu zimerudi.

Mtoto sasa ana miaka minne. Jana alisukuma bakuli la githeri likiwa nusu. "Nimeshiba, mama," akakimbilia nje kucheza.

Nililimaliza mimi.