Majani kwenye smuthi: nani kasema hayana kipimo?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka mitano hagusi kabisa mboga za majani. Nimeanza kumsagia spinachi na giligilani pamoja na embe, ndizi, juisi ya chungwa na asali, anakunywa bila kujua. Sasa nyumba nzima tunakunywa kila asubuhi, hata baba mkwe ambaye anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mume wangu yeye anajaza konzi tatu za spinachi kwenye glasi yake. Kuna mtu anatuuzia unga wa majani wa "kusafisha damu na ini", anasema tuongeze kijiko kwa kila mtu kwa sababu majani hayana madhara. Tuongeze? Mwisho ni kiasi gani? (Mama wa Wawili)

JIBU: Mimi si daktari, mama, ni mtaalamu wa lishe, lakini barua kama yako huwa naletewa mimi. Nianze na baba mkwe, maana jambo lake halisubiri.

Warfarini inafanya kazi kwa kuibana vitamini K, ambayo mwili unaihitaji ili damu igande. Konzi moja ya spinachi mbichi, gramu 30 hivi, ina takriban mikrogramu 145 za vitamini hiyo, na mwanamume mzima anahitaji kama 120 tu kwa siku. Mkimzidishia majani ambayo hakuzoea kuyala, mnaipunguza dawa nguvu, na damu inaweza kuganda mahali isipotakiwa. Lakini msije mkasoma hapa na kesho mkamnyima glasi. Kama dozi yake imeshapandishwa kufuata hayo majani, kuyakata ghafla kunaiachia dawa uwanja mtupu, na hapo hatari inakuwa kuvuja damu. Leo au kesho wasilianeni na kliniki anakochukulia dawa, mwaelezeni anakunywa tangu lini na kiasi gani, apimwe INR, yaani kipimo cha kuona damu yake inachukua muda gani kuganda. Mtu wa warfarini hakatazwi mboga. Anachotakiwa ni kula kiasi kilekile, wiki baada ya wiki.

Kwa mtoto sina ugomvi mkubwa. Konzi moja ya majani yaliyooshwa vizuri haimdhuru mtoto mwenye afya. Ila jueni mnampa nini: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za matunda na mboga kwa siku, na konzi yenu ni gramu 30. Rangi ya kijani inadanganya. Juisi ya chungwa na asali ondoeni. Kikombe cha juisi kina gramu 20 hivi za sukari na kijiko kikubwa cha asali kina 17, na shirika hilohilo linaona ni vyema sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 5 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Embe na ndizi vinatosha kuficha ladha. Wekeni mtindi au maji badala yake, na parachichi kidogo, maana vitamini A, E na K za majani zinahitaji mafuta ili zifyonzwe. Na mboga inayoonekana iendelee kuwepo kwenye sahani yake hata asipoigusa. Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, na ulimi unaopewa spinachi ndani ya embe unazoea embe.

Sasa hilo la "majani hayana madhara". Hapa ndipo huwa natamani kuweka kalamu chini.

Mtu anayekula spinachi kwa kutafuna ana breki mdomoni. Taya linachoka, tumbo linajaa, anaacha. Blenda inaiondoa hiyo breki. Konzi tatu mbichi, ambazo mumeo asingezimaliza kwenye sahani, anazishusha kwa dakika mbili huku anatafuta funguo. Spinachi mbichi ina oksaleti nyingi, kemikali ya asili ya mimea, mara nyingi zaidi ya miligramu 600 kwa kila gramu 100. Oksaleti ikikutana na kalsiamu kwenye mkojo hutengeneza fuwele, na vijiwe vingi vya figo ni hivyohivyo, kalsiamu na oksaleti. Mtu ambaye ameshawahi kupata vijiwe mara nyingi huambiwa asizidi miligramu 100 kwa siku. Mumeo anakaribia mara sita ya kiasi hicho kabla hajafunga kamba za viatu. Zipo taarifa za kitabibu za watu walioharibu figo kwa vinywaji vya majani mabichi vya kila siku, hasa wale ambao figo zao zilikuwa tayari dhaifu.

Hii haimaanishi aache mboga. Spinachi ikichemshwa na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa ya oksaleti inaondoka na yale maji. Abadilishe majani pia: sukuma wiki ina oksaleti kidogo sana ukilinganisha na spinachi. Mtindi ndani ya glasi unasaidia, kwa kuwa kalsiamu yake inaishika oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo. Konzi moja inatosha. Na kama kuna mtu hapo nyumbani ameambiwa figo zake hazifanyi kazi vizuri, glasi ya ndizi, spinachi na parachichi ni mzigo wa potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, ambao haupaswi kunywewa bila ruhusa ya daktari wake.

Giligilani, mnanaa, tangawizi kidogo, hivyo ni viungo. Wekeni kwa kiasi cha kuleta harufu na msiwe na hofu. Unga wa kopo wa huyo muuzaji wenu ni habari nyingine, kwa sababu majani mengi yamekaushwa yakawekwa kwenye kijiko kimoja, na hamjui ni majani gani. Chai ya kijani watu wanaikunywa miaka nenda rudi, lakini mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilionya kuwa miligramu 800 au zaidi kwa siku za kemikali yake moja, ikichukuliwa kama kirutubisho cha ziada, zinahusishwa na dalili za ini kuumia. Mmea ni uleule, kilichobadilika ni kipimo.

Na mara nyingine hata mmea si uleule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokwenda kupunguza uzito katika kliniki moja mjini Brussels, Ubelgiji, walipewa mitishamba ya Kichina. Mmea uliokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra. Ulioingia ulikuwa Aristolochia fangchi, ambao jina lake la Kichina linakaribiana na la ule wa kwanza. Zaidi ya 100 waliharibika figo, wengi wakaishia kwenye dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine) au kupandikizwa figo, na baadhi baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Nao waliambiwa ni vitu vya asili.

Damu haichafuki kwa namna ya kuhitaji kijiko cha unga. Ini na figo zinaisafisha usiku na mchana, na ndizo hizohizo zinazobebeshwa kazi ya kuutoa unga huo mwilini. Kila mwezi nakutana na mtu aliyeacha vidonge vya presha au kisukari kwa sababu muuza kopo alimhakikishia "sasa umesafika".

Kwa hiyo, mama, muulizeni huyo muuzaji mambo manne: jina la kisayansi la kila mmea uliomo, ni sehemu gani ya mmea iliyosagwa, ni gramu ngapi kwa kijiko, na unafanya nini kwa mtu anayetumia warfarini. Akijibu kwamba ni majani tu, mrudishieni kopo lake, na mumlipe nauli kama ni lazima.